Ushahidi Usioacha Alama: Vidokezo na Dhamiri ya Mpelelezi katika Michezo ya Mzunguko wa Wakati

Hadithi ya upelelezi, kama alivyoeleza Tzvetan Todorov katika makala yake ya mwaka 1966 kuhusu aina za riwaya ya upelelezi, hubeba ndani yake hadithi mbili. Ya kwanza ni hadithi ya uhalifu, ambayo huwa imekwisha kabla ya ile ya pili kuanza. Ya pili ni hadithi ya uchunguzi, ambamo mpelelezi huijenga upya ile ya kwanza kutokana na mabaki yake. Kidokezo ndicho kiungo baina ya hadithi hizo mbili. Majivu ya sigara, doa la wino, dirisha lililofungwa kwa ndani: vyote ni vitu vya leo vinavyoishuhudia jana. Msomaji wa Kiswahili aliyeandamana na Bwana Msa tangu Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ameuzoea mpango huu. Bwana Msa huvuta kiko chake, huuliza, hunyamaza, na hatimaye huifunua jana iliyokuwa imefunikwa. Nguzo ya yote hayo ni moja, nayo ni kwamba jana haibadiliki. Maiti hafufuki ili aulizwe nani alimuua, na shahidi aliyekwisha kutishwa hawezi kurudishwa katika hali yake ya kabla ya kutishwa.

Je, kidokezo hupatwa na nini pale nguzo hiyo inapoondolewa? Na dhamiri ya yule anayekifasiri kidokezo hicho, je? Maswali haya yameletwa mbele na aina ya masimulizi ambayo mhakiki wa fasihi aweza kwa urahisi kuipita kando kwa kudhani kuwa ni mambo ya watoto: michezo ya kompyuta ya upelelezi ambamo wakati hujirudia, siku ile ile au dakika zile zile zikianza tena na tena, na mhusika mkuu akiwa peke yake anayekumbuka. Dhana kwamba mchezo hauwezi kuwa matini ya kuhakikiwa haihitaji kujibiwa kwa kirefu. Taaluma iliyokwisha kukubali ngano, vitendawili na majigambo, ambavyo vyote huhitaji mtendaji na hadhira ili viwepo, haina sababu ya kushtuka mbele ya masimulizi yanayomtaka msomaji awe mtendaji.

Asili ya jambo hili ni ya zamani kidogo kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1982 kampuni ya Infocom ya Marekani ilitoa Deadline, mchezo wa maandishi matupu uliobuniwa na Marc Blank. Mchezaji huwa ni mpelelezi aliyepewa saa 12 kuchunguza kifo cha tajiri Marshall Robner, na huamuru kila tendo kwa kuandika sentensi fupi. Ndani ya kasha la mchezo ule mlitiwa nyaraka: maelezo ya mashahidi, taarifa ya maabara, na hata vidonge vilivyodaiwa kuokotwa mahali pa tukio. Wakati katika Deadline haurudi nyuma, na wahusika huenda na saa zao wenyewe, mpelelezi awepo asiwepo. Kwa hiyo aghalabu mchezaji wa mara ya kwanza hushindwa, akaanza upya, na mara hii anajua simu italia lini na nani ataingia bustanini. Lakini mpelelezi aliye ndani ya hadithi hajui lolote la hayo. Kwa mujibu wa hadithi, yeye ameamka asubuhi ile tu. Anapomkamata mkosaji, huwa anategemea maarifa yaliyopatikana katika maisha mengine ambayo hadithi yenyewe haiyatambui. Huonekana kuwa mtu mwenye bahati ya kutisha.

Michezo ya mzunguko wa wakati imechukua magendo hayo na kuyahalalisha. Yale aliyoyajua mchezaji nje ya hadithi sasa anayajua mhusika ndani ya hadithi. Kwa mtazamo huu mzunguko wa wakati hauwi pambo la kisayansi lililobandikwa juu ya upelelezi. Ni usomaji wa kurudia uliopewa mwili. Roland Barthes, katika S/Z (1970), aliutetea usomaji wa kurudia dhidi ya desturi ya kuitumia hadithi mara moja na kuitupa. Lakini Barthes alikuwa akizungumzia kitabu, na anayekirudia kitabu hamgusi mtu. Hata akikisoma mara mia, hakuna mhusika atakayefungwa kamba kwa sababu msomaji ametaka kuona ataropoka nini. Katika michezo hii hilo lawezekana, na mara nyingi ndilo linalotakiwa.

Kabla ya kulifikia suala la maadili ni lazima kwanza hali ya kidokezo chenyewe ieleweke. Carlo Ginzburg, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1979 kuhusu vidokezo, aliwaweka pamoja mwindaji anayesoma nyayo, tabibu anayesoma dalili, Giovanni Morelli aliyewatambua wachoraji kwa namna walivyochora masikio na kucha, na Sherlock Holmes. Wote hao husoma athari. Athari ni alama iliyobakishwa na kitu kilichopita, nayo hudhihirisha kwamba palikuwa na mguso. Katika mzunguko wa wakati mguso hufutwa. Kikombe kilichovunjika kimo kabatini tena, na damu imerudi mishipani. Kinachobaki ni kumbukumbu ya mtu mmoja. Kidokezo kwa hiyo hubadilika jinsi yake: kilikuwa athari ya jana, sasa kimekuwa habari ya jambo litakalotokea. Mpelelezi anajua kwamba mlango utabishwa kwa sababu ulikwisha kubishwa, ilhali kwa watu wengine wote mlango huo haujawahi kubishwa. Amehama kutoka ujuzi wa mwindaji akaingia katika ule wa mtabiri.

Uhamaji huu una gharama. Mwindaji aweza kumwonyesha mwenzake unyayo. Mtabiri hana cha kuonyesha. Awezalo tu ni kutabiri, kisha angoje, na aaminiwe au asiaminiwe. Ushahidi usioacha alama humfanya mpelelezi amhitaji mno mtu wa pili ambaye bado hajui kitu, na wakati huo huo humpa uwezo wa kutisha juu ya mtu huyo. Humo ndimo tatizo la kimaadili linamozaliwa, na hakuna matini inayolianika wazi kuliko Twelve Minutes.

Mchezo huo, uliobuniwa na Luis Antonio na kutolewa mwaka 2021, hutokea karibu wote ndani ya nyumba ndogo ya ghorofani inayotazamwa kutoka juu, kana kwamba paa limeondolewa. Wahusika wakuu ni watatu na hawatajwi kwa majina: mume, mke na polisi. Mume anarudi nyumbani jioni. Mke ameandaa kitu kitamu na ana habari njema, kwamba ni mjamzito. Kisha polisi anabisha, anawafunga wote wawili, anamshutumu mke kuwa alimuua baba yake mzazi miaka 8 iliyopita, anadai saa ya mfukoni yenye thamani kubwa, na kumkaba mume hadi kufa. Mara mume yumo mlangoni tena, anaingia, na mke anamkaribisha kwa maneno yale yale. Mzunguko ni wa takriban dakika 10.

Tangu hapo mume ni mpelelezi, na nyumba yake imekuwa mahali pa uhalifu ambao bado haujatokea. Vyombo vya uchunguzi ni vile vile vya maisha ya kila siku. Bafuni kuna vidonge vya usingizi. Jikoni kuna vikombe, maji na kisu. Chumbani kuna swichi ya taa yenye hitilafu ambayo humtupa chini anayeigusa. Mchezaji hugundua upesi kwamba mke akitiliwa vidonge katika maji yake atalala, na nyumba ikiwa kimya na gizani polisi ataingia, ataigusa swichi na kuzirai. Silaha yake na simu yake vitakuwa mikononi mwa mume. Ni mpango mzuri kwa kipimo cha msuko. Ila msomaji asisahau alichokiona: mwanamke mjamzito, aliyekuwa akicheka muda mfupi uliopita, amenyweshwa dawa bila ridhaa yake na mtu anayemwamini kuliko wote, ili atoke njiani.

Utetezi wa kwanza wa tendo hili huja wenyewe: limefutika. Baada ya dakika chache mke atasimama tena mlangoni akiwa mzima, hana kumbukumbu wala dhara. Hoja hii ina nguvu ya juujuu tu. Tuseme daktari anamdhulumu mgonjwa aliyelazwa usingizi kwa ajili ya upasuaji, kwa namna isiyoacha jeraha wala kumbukumbu. Hakuna sheria, wala mila yoyote inayouthamini utu, itakayokubali kwamba mgonjwa hakudhulumiwa kwa kuwa hakujua. Dhuluma haipimwi kwa masalio yake peke yake. Mtu aliyekuwepo katika dakika zile 10 alikuwa mtu kamili, na aliyotendewa alitendewa. Kwamba dakika hizo zimeng'olewa katika kalenda ni hoja kuhusu kalenda.

Utetezi wa pili ni wa mhakiki mwenye hadhari: huyu mke si mtu, ni mhusika, picha juu ya kioo cha kompyuta. Kweli. Lakini hoja hii ikikubaliwa, imeufuta mchezo mzima. Iwapo hakuna mtu wa kudhulumiwa, hakuna pia wa kuokolewa, na taharuki yote ya mlango unaobishwa ni upuuzi. Mchezaji hawezi kuukopa uzito wa wahusika anapotaka kuogopa pamoja nao, kisha akaukana deni linapofika. Swali la maadili katika fasihi halijawahi kutegemea kuwepo kwa wahusika duniani. Hutegemea jinsi matini inavyomzoesha msomaji kuwatazama watu.

Utetezi wa tatu ndio mzito, nao ni wa dharura. Mume hakuuchagua mzunguko. Mtu anayekabwa hadi kufa kila baada ya dakika 10 ana haki ya kujinusuru kwa njia zinazopatikana, na yamkini pia kumnusuru mkewe ambaye naye amefungwa na kuumizwa. Ni vigumu kuukataa utetezi huu moja kwa moja. Pamoja na hayo, unafunika mizunguko fulani tu. Mchezaji anayemtilia mke dawa kwa mara ya kwanza kwa kawaida hana mpango wowote. Anataka kuona kitatokea nini. Mchezo humruhusu vilevile kukitwaa kisu cha jikoni na kumchoma mke, na tendo hilo halina dharura ya namna yoyote, ni udadisi mtupu. Baina ya udadisi na dharura pana tofauti kubwa ya nia, na Twelve Minutes haiitofautishi. Tendo ni moja, mwondoko ni mmoja, na mlango ni ule ule. Kazi ya kutofautisha imeachwa kwa anayeshika mchezo.

Watetezi wa mchezo huo husema kwamba hatimaye njia ya upole ndiyo inayofaulu. Wana ushahidi. Mume akimsadikisha mke kwa kumtajia mambo ambayo asingeweza kuyajua, mke husema ukweli ambao hakuna dawa ingeweza kuutoa. Polisi naye ana binti mgonjwa wa saratani, ambaye matibabu yake yanahitaji fedha. Binti huyo akipigiwa simu na kuelezwa, huzungumza na baba yake, na jamaa aliyekuja kuua huanza kusikiliza. Inapendeza kuona kwamba maarifa yenye manufaa zaidi katika mchezo wa kuchunguza vitu yanatoka katika vinywa vya watu walioheshimiwa kiasi cha kuambiwa ukweli. Lakini namba ya simu ya binti imetoka wapi? Imetoka katika simu ya polisi, na simu hiyo ilipatikana alipokuwa amezirai gizani. Usafi wa mzunguko wa mwisho umenunuliwa kwa uchafu wa mizunguko iliyoutangulia. Huyo mume mpole, anayejua la kumwambia kila mtu, ni mpole kwa sababu alikwisha kuwapekua wote. Mke anapoduwaa kwamba mumewe amemwelewa kuliko wakati wowote, hajui kueleweka kwake kulipatikanaje.

Hapa usomaji wa tuhuma, kwa istilahi iliyoenezwa na Paul Ricoeur, unapata sura ambayo wananadharia hawakuifikiria. Msomaji mwenye tuhuma huishika matini akiamini kwamba inaficha kitu, na kwamba ni haki yake kuilazimisha iseme. Matini ya karatasi haiumii. Mke katika nyumba ile amegeuzwa kuwa matini: anarudiwa, analinganishwa na alivyosema mara iliyopita, ananyamazishwa ili sehemu nyingine isikike. Mwanafunzi wa fasihi anayefundishwa kwamba kila kauli ni kificho angefaa kuutazama mchezo huu kwa makini, maana unaonyesha mbinu yake ikitendwa juu ya mwili wa mtu.

Ufumbuzi wa fumbo ni wa kale. Mume, anayefuata vidokezo moja baada ya kimoja, hugundua kwamba yaya aliyezaa na baba wa mke alikuwa mama yake mwenyewe, kwamba mkewe ni dada yake kwa baba, na kwamba aliyemuua baba ni yeye. Yeyote aliyeusoma mkasa wa Sophocles, kwa Kigiriki au katika Mfalme Edipode wa Samuel Mushi, atautambua mara moja: mpelelezi anamtafuta mkosaji, naye ndiye. Wachezaji wengi waliulalamikia ufumbuzi huu kwamba umezidi kiasi, na malalamiko hayo hayakosi msingi, kwa sababu sadfa zimerundikana. Hata hivyo kasoro kubwa zaidi iko kwingine. Kwa mfalme wa Thebes ujuzi hauna njia ya kurudi. Akishajua amejua, na macho anayojitoboa hayaoti tena. Twelve Minutes inaashiria kwamba huenda mizunguko yote imepita ndani ya fikra za mume, wakati wa mazungumzo na baba aliye hai, na katika mojawapo ya miisho yake mume aweza kusaidiwa kusahau. Mchezo uliojengwa wote juu ya mtu anayekumbuka yale ambayo wengine wamesahaulishwa unamwishia kwa kumpa yeye mwenyewe dawa hiyo ya usahaulifu. Pengine ni adhabu inayomstahili. Matini, hata hivyo, inaileta kama faraja.

Kuna njia nyingine ya kulikwepa tatizo hili, nayo ni kuondoa mkosaji. Outer Wilds (2019), ambao mwanzo wake ni tasnifu ya uzamili ya Alex Beachum katika Chuo Kikuu cha Southern California, humweka mchezaji katika mfumo mdogo wa sayari ambao jua lake hulipuka kila dakika 22. Vidokezo vilivyoachwa na watu wa kale waliotoweka vinaelekea upande mmoja: walijenga mtambo wa kulilipua jua. Mchezaji huukimbilia mtambo huo akiwa na hukumu tayari, na huko husoma kwamba ulishindwa kufanya kazi. Jua linakufa kwa uzee. Ni somo zuri la ufasiri kuhusu tabia ya msomaji wa hadithi za upelelezi kudhani kwamba kila kifo kina muuaji. Lakini karibu wote wanaochunguzwa humo wamekwisha kufa, na maandishi yao hayawezi kunyweshwa vidonge. Swali la Twelve Minutes halijibiwi hapo, limepewa likizo tu.

Linarudi kwa nguvu katika The Forgotten City, mchezo wa Nick Pearce uliotolewa mwaka 2021, baada ya kuanza mwaka 2015 kama nyongeza ya mchezo mwingine, Skyrim. Mchezaji hujikuta katika mji wa Kirumi uliofungiwa chini ya ardhi, yapata miaka 2000 iliyopita. Mji una sheria moja: mtu mmoja akitenda dhambi, wote watageuzwa kuwa sanamu za dhahabu. Hakimu Sentius anamtaka mgeni amtafute atakayeivunja sheria hiyo kabla hajaivunja. Huu ni upelelezi wa dhambi ya baadaye, na kila ushahidi wake ni tabia, nia na manung'uniko. Zaidi ya hayo, hakuna maandiko yanayoeleza dhambi ni nini. Wizi huiamsha ghadhabu mara moja. Lakini Desius, mfanyabiashara anayeuza dawa kwa bei ya kunyonya huku mwanamke aitwaye Iulia akifa kwa sumu, hafanywi lolote, wala Malleolus aliyewafunga wenzake kwa madeni. Wakazi wa mji wamekuwa wafasiri hodari wa sheria. Wanajua hasa ukatili unaoruhusiwa unafika wapi.

Mchezaji naye hujifunza ufasiri huo. Vitu anavyobeba hubaki naye siku inaporudi mwanzo. Kwa hiyo aweza kuiba, akaona sanamu zikiamka na watu wakikimbia na kuganda mmoja mmoja, akawahi kwenye lango la wakati, na kuianza siku upya akiwa na mali aliyoiiba. Kwa mali hiyo Iulia atapona. Wale waliogeuka dhahabu barazani wako hai, wanazungumza, hawana habari. Hesabu yake ni rahisi kupita kiasi: mji mzima uliteketea kwa ajili ya dawa ya mtu mmoja, na hakuna aliyepoteza kitu. Mchezo ambao sheria yake ni kwamba wengi wataumia kwa dhambi ya mmoja umemfanya mchezaji awe huyo mmoja.

Ubora wa The Forgotten City juu ya Twelve Minutes ni kwamba inaweka mtu wa kubebeana naye mzigo. Galerius, mkulima wa hali ya chini ambaye ndiye wa kwanza kumpokea mgeni, huelezwa kila asubuhi mpya mambo yanayohitajika, na yeye, bila kudai uthibitisho mrefu, hutimua mbio kuyatenda: ampelekee tabibu dawa, amzuie aliyekata tamaa asijiue. Kwa upande wa ufundi, mbinu hii humwondolea mchezaji uchovu wa kurudia. Kwa upande wa maana, inaonyesha ujuzi wa mizunguko ukigeuzwa kuwa ombi kwa mtu huru badala ya hila dhidi yake. Galerius hatabiriwi wala kupekuliwa. Anaambiwa, naye anaamua.

Mwisho mkamilifu zaidi wa mchezo hauji kwa nguvu. Mchezaji husimama mbele ya mungu aliyeiweka sheria na kumhoji, swali baada ya swali, mpaka misingi ya sheria ile iyumbe. Wakazi huachiliwa huru, na hatimaye mchezaji hukutana nao katika jumba la makumbusho la zama za leo. Wamevaa nguo za kisasa na wanasimulia maisha yao mapya, kila mmoja akimshukuru kwa namna yake. Wanayoishukuru ni siku ile ya mwisho, ambayo hakuna aliyeibiwa wala kugeuzwa dhahabu. Zilizoitangulia hawana kumbukumbu nazo. Mchezaji anazo, na mazungumzo ya jumba lile hayampi nafasi ya kuzitaja.